Nyoka wa Lami Mpya

Juzi nilipanda bajaji maeneo ya Kerege. Dereva alikuwa kijana mstaarabu, wa kumsalimia abiria kwanza na kutaja nauli baadaye. Tukiwa katikati ya safari alikata usukani kuelekea kulia, tairi ikagonga kitu kidogo, kisha akarudi upande wake kama mtu aliyekwepa shimo. Nikamuuliza ni nini. Akasema ni nyoka, dada, ameshakwisha. Nilimwomba asimame, akasimama huku akinishangaa.

Nilirudi nyuma kwa miguu kumtazama. Alikuwa wa rangi ya udongo, mwembamba kama kidole, kichwa chake hakizidi punje ya njugu, nyoka wa kula mijusi tu. Kando ya barabara mama mmoja alikuwa amepanga mananasi mezani, na jua lilikuwa limeyapiga mpaka yameanza kutoa utamu wake hewani. Harufu ya lami ya moto na harufu ya nanasi lililoiva kupita kiasi zilinijia kwa pamoja, nami nikajikuta niko kwenye pikapu ya baba, miguu yangu haifiki chini, likizo ndiyo kwanza imeanza.

Baba alikuwa akibeba mananasi. Aliyafuata Kiwangwa kwa wakulima, akayaleta Bagamoyo sokoni, na yakizidi akayapeleka Dar. Tulikaa Dunda, hapo hapo Bagamoyo, kwenye nyumba ya bibi, mama yake baba. Mwaka ule mama alikuwa na mtoto mchanga, akataka angalau mtoto mmoja apungue miguuni pake mchana, kwa hiyo shule zilipofungwa nilikabidhiwa kwa baba pamoja na chupa ya maji na kipande cha mkate wa kumimina.

Lami ya kwenda Msata ilikuwa mpya wakati huo. Kabla yake barabara ilikuwa ya vumbi, na masika yakija ilikuwa ya tope, na magari yalikwenda polepole kama yamebeba mayai. Ilipokuja lami kila mtu aliipenda. Wapo waliotoka majumbani jioni kuja kuitazama tu. Nyoka nao waliipenda, maana ilihifadhi joto la jua, nao asubuhi na jioni walitoka majanini wakajinyoosha juu yake. Madereva wakapata mchezo.

Baba alikuwa fundi wa mchezo huo. Akimwona nyoka mbele, uso wake ulibadilika, akaniambia, “Shika.” Nami nikashika mlango kwa mikono miwili, pikapu ikayumba upande, ikarudi, na baba akasema tumewapunguzia watu adui. Nilijivuna. Kiwangwa, wakati vijana wakipakia mzigo, madereva walikaa kivulini wakisimuliana nyoka waliowakanyaga kwa magari, na kila nyoka alikuwa mrefu kuliko aliyetangulia kusimuliwa. Baba hakushindwa na mtu.

Alikuwa na sababu yake, ingawa hakuwahi kunieleza. Aliyenieleza ni bibi. Baba alipokuwa mdogo, bibi alikuwa akilima mpunga Makurunge, na siku moja akiwa bondeni aliumwa na kifutu, yule nyoka mnene mwenye kulala tu njiani bila kutikisika. Alibebwa kwa baiskeli mpaka hospitali. Alipona, lakini vidole viwili vya mkono wa kushoto vilibaki vimekunjika, havinyooki. Baba alikuwa amesimama kwenye tuta, anaona yote, na hakuna alichoweza kufanya.

Bibi aliisimulia habari hiyo kama kichekesho. Aliniita mke mwenzangu, kama mabibi wa pwani wanavyowatania wajukuu wao wa kike. “Mimi ndiye niliyemkanyaga, mke mwenzangu,” aliniambia. “Naye afanyeje? Baba yako ndiye aliyeumwa. Mpaka leo yuko pale pale kwenye tuta, hajashuka.”

Sikumwelewa. Nilikuwa na umri wa kuelewa mambo kwa namna yangu, na jambo nililokuwa nimelielewa vizuri kuliko yote lilihusu kamba.

Kwa bibi, jua likishazama, neno nyoka halikutajwa. Ukimtaja usiku umemwita. Ilikuwa lazima useme kamba. Basi magharibi moja bibi alitoka uani, akamwambia mama kwa sauti ya kawaida kabisa, “Kuna kamba kwenye kuni. Mwambie mumeo aje na taa.” Baba akaja na taa na mpini wa jembe, nikasikia vishindo, nikaambiwa nilale. Asubuhi nilikimbilia kwenye kuni kuangalia. Baba alikuwa ameshamtupa yule nyoka mbali, lakini mimi hilo sikulijua. Nilichokikuta ni kipande cha kamba ya katani, kile kile kilichofungia mzigo wa kuni.

Hapo kila kitu kikakaa sawa kichwani mwangu. Kamba ni kamba mchana, usiku ni nyoka. Alfajiri zinarudi kuwa kamba, ila zipo zinazochelewa, na hizo ndizo tulizokuwa tukizikuta kwenye lami. Sikumuuliza mtu, kwa kuwa nilidhani ni jambo ambalo wakubwa wote wanalijua na hawaoni haja ya kulizungumza. Lakini nilianza kuzionea huruma kamba za nyumbani. Kila magharibi, mama akiwa ananyonyesha, nilikwenda uani nikaifungua kamba ya kuanikia nguo ili nayo ipate kutembea. Asubuhi mama aliikuta chini, na mara nyingine hakuikuta kabisa, maana watoto wa jirani walikuwa wameiokota wakaenda kuirukia. Mama aligombana na nyumba ya kushoto, kisha na ya kulia.

Siku ninayotaka kuisimulia tulikuwa tunarudi kutoka Kiwangwa, alasiri, mzigo umejaa mpaka juu ya bodi. Mbele yetu, kwenye ule mnyooko mrefu, kitu cheusi kilikuwa kimelala mshazari barabarani, kinene kama mkono wa mtu. Uso wa baba ukabadilika.

“Huyu ni mkubwa,” alisema. “Shika.”

Nikashika. Tukampitia, lakini mlio haukuwa ule niliouzoea. Ulikuwa mlio wa chuma. Papo hapo tairi ya mbele ikapasuka, pikapu ikaanza kuserereka, baba akapambana na usukani, na huko nyuma nikasikia mananasi yanamwagika na kubingirika kama watu wanaokimbia. Tulisimama pembeni, gari limeinamia upande mmoja. Hakuna aliyeumia. Baba alinishika kichwa, mikono, magoti, akahakikisha niko mzima, kisha akashuka.

Ilikuwa kamba. Kamba nene ya kuvutia malori, imekuwa nyeusi kwa grisi, na mwishoni mwake ina ndoano ya chuma. Bila shaka ilidondoka kwenye lori lililotangulia. Ndoano ndiyo iliyoichana tairi.

Nami nilishuka nikaja kuangalia. Nilimwona baba amesimama anaitazama, mikono kiunoni, nikadhani anasikitika kwa kumpoteza nyoka mkubwa namna ile. Nikamfariji. Nikamwambia asijali, amempata sawasawa, ila alimpata wakati anageuka, ndiyo maana ameshakuwa kamba.

Baba akanitazama. Akaniuliza nasema nini. Nikamweleza pole pole, kama unavyomweleza mtu aliyepata mshtuko: bibi alivyosema, kuni, alfajiri, wale wanaochelewa, na kamba za mama ninazozifungua jioni. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaanza kucheka. Alicheka akainama, akacheka mpaka akakaa chini kwenye lami yake anayoipenda, akavua kofia akajifutia machozi.

“Kumbe ni wewe,” alisema. “Mama yako amenuniana na nusu ya mtaa kwa ajili ya kamba ya nguo.”

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba kamba ni kamba tu. Sikuamini yote. Baba ndiye aliyekuwa amekosea kati ya nyoka na kamba, si mimi.

Tairi ya akiba ilikuwepo lakini haina upepo. Baba akampigia simu rafiki yake wa Bagamoyo, yule akasema atakuja akimaliza shughuli zake. Tukaokota mananasi yaliyosalimika. Moja lililopasuka baba alilikata kwa kisu cha shambani, tukapanda juu ya mzigo, tukakaa tunakula, maji ya nanasi yakitutiririka mpaka kwenye viwiko. Sikumbuki kama niliwahi kukaa na baba namna ile kabla ya siku hiyo, hana usukani, hana simu sikioni, hana pa kwenda.

Ndipo majani ya upande mmoja wa barabara, ule unaoteremka mtoni, yakatikisika, na upepo haupo.

Kikatoka kichwa, kimelala karibu na ardhi. Kikasimama ukingoni mwa lami, ulimi ukitoka na kuingia. Kisha chatu akaanza kuja, akawa anakuja tu. Kila nilipodhani amekwisha, majani yaliendelea kumtoa. Alikuwa rangi ya kahawa yenye mabaka, na jua la alasiri lilipompiga ubavuni nikaona juu ya ngozi yake rangi nyingine, buluu na zambarau, kama mafuta ya taa yaliyomwagika kwenye maji. Hakujipinda kama nyoka wa kwenye vitabu vya shule. Alikwenda moja kwa moja, mzito, bila haraka, tumbo lake likisogea lenyewe kwa mawimbi madogo.

Baba aliacha kutafuna. Kisu kilikuwa bado mkononi, na nadhani laiti pikapu ingekuwa nzima, mguu wake ungeshakanyaga mafuta. Lakini hatukuwa na gari. Tulikuwa na macho tu.

Nikamnong'oneza kwamba amekuja kumchukua mwenzake. Baba hakucheka. Chatu alifika kwenye ile kamba, akainua kichwa kidogo, akaigusa kwa ulimi mara kadhaa, akaipanda na kuendelea na safari yake.

“Kumbe ndivyo wanavyotembea,” baba alisema, kwa sauti ya mtu aliye msikitini.

Maisha yake yote aliwaona nyoka kabla tu hajawagonga, na baada ya kuwagonga. Hapo katikati hakuwahi kupafika.

Chatu alikuwa hajafika nusu ya barabara tuliposikia lori. Lilitoka upande wa Msata, kwenye ule mnyooko, na halikupunguza mwendo. Badala yake lilianza kusogea taratibu kuja katikati. Mimi nililiona likisogea na sikujua maana yake. Baba aliijua. Aliruka kutoka juu ya mzigo, akavua shati akikimbia, akaenda kulilaki lori katikati ya barabara, fulana yake imejaa maji ya nanasi, anapunga shati juu ya kichwa.

Breki zililia muda mrefu. Lori likasimama mbele ya baba, karibu kiasi cha yeye kuliegemea. Dereva, mtu mnene mwenye taulo shingoni, akatoa kichwa dirishani na kumuuliza baba nani amekufa.

“Hajafa mtu,” baba akajibu, anahema. “Kuna mtu anavuka.”

Dereva akatazama mbele yake. Akatazama tena. “Si nyoka yule?”

“Ndiye.”

“Tunamsubiri nyoka?”

“Kwani una haraka gani, kaka?”

Yule bwana alifikiri. Kisha akazima injini. Akashuka na taulo lake, akaja akasimama kando ya baba. Injini ilipozimika tulisikia magamba ya chatu yakikwaruza lami, sauti kavu, nyepesi, kama mtu anapepeta mchele chumba cha pili. Wanaume wawili wazima na mimi juu ya mananasi tulimtazama mpaka ncha ya mkia ilipoingia kwenye majani ya upande wa pili, na majani yakajifunga.

Dereva alivuta pumzi, akamuuliza baba anadhani alikuwa na urefu gani. Nikajua sasa itakuja hesabu ya Kiwangwa. Baba akasema hajui, alikuwa haishi tu.

Yule bwana alikuwa na mpira wa upepo kwenye lori lake. Alitujazia tairi ya akiba, akasaidia kuifunga, akakataa malipo, baba akamrundikia mananasi kwenye kiti cha abiria mpaka akaomba basi.

Nyumbani bibi alitaka aelezwe upya, na alipomaliza kuelezwa alitaka upya tena. Alimsimamisha baba kwenye kila hatua. Ulivua shati? Ukakimbia kuelekea kwenye lori, au kuelekea kwa nyoka? Alicheka amefunika mdomo kwa ule mkono wake wenye vidole vilivyokunjika. Mwisho akamtazama mwanawe, akamwambia, “Karibu nyumbani, mwanangu,” ingawa baba alikuwa ameshaingia zamani na ameshanawa. Mama yeye alisikia habari ya kamba tu. Kesho yake alipeleka mananasi nyumba ya kushoto na ya kulia, na hakueleza ni ya nini.

Si kwamba baba aliamka mtu mwingine. Dereva wa lori aliisambaza habari, na Kiwangwa wakaanza kumwita Trafiki wa Nyoka. Safari ya kwanza aliyoitwa hivyo alipakia mzigo upesi, tukaondoka bila kukaa kivulini na wenzake. Na tulipokutana na nyoka mwingine barabarani, niliona mikono yake ikianza kugeuza usukani yenyewe, kama punda anayejua njia ya nyumbani. Akaizuia. Akakanyaga breki ghafla, tukasimama, na jasho lilikuwa limemtoka usoni.

Nilimuuliza kama sasa anawapenda.

“Siwapendi,” alisema. “Nawaogopa vile vile. Ila sioni sababu ya kumfuata mtu upande wake wa barabara nikamuue.”

Tangu siku hiyo mchezo wetu ulikuwa kusimama. Niliukuta mtamu kuliko ule wa kwanza, kwa sababu nilipata kuona. Wengine walivuka kama mshale, wengine walisita na kurudi walikotoka. Mmoja alijinyanyua akatutazama kiasi kwamba baba alifunga kioo kwanza. Na lile jina la trafiki, alilolizira mwanzoni, baba alianza kuliitikia.

Likizo ilipokaribia kwisha tulimwoza shangazi Zuhura, kitinda mimba wa bibi. Mwanamume alikuwa wa Lugoba, baada ya kupita Msata. Nikaha ilifungwa Dunda, watu wakala, na baada ya adhuhuri tukaondoka kumpeleka bi harusi kwa mumewe. Pikapu ya baba ilitangulia, imefungwa mitandio, nyuma wamekaa wapiga matarumbeta na ngoma yao kubwa. Mbele tulikaa baba, bibi na mimi. Tulifuatwa na gari la bi harusi, kisha basi dogo la akina mama waliovaa sare za dera la manjano.

Tulipoipita Kiwangwa baba akapunguza mwendo, akasimama. Magari yote nyuma yetu yakasimama.

Alikuwa nyoka wa kijani, mwembamba kama kamba ya kiatu, katikati ya upande wetu. Hakuvuka wala hakurudi. Nadhani mtikisiko wa magari ulimchanganya. Nyuma matarumbeta yaliendelea, maana wapigaji hawakujua tumesimamia nini. Watu wakaanza kushuka. Wa kwanza kufika alikuwa mjomba wa bwana harusi, mzee mwenye kanzu na koti, saa mkononi, aliyekuja kutoka Lugoba kutuongoza. Alipoona kilichotuzuia alikunja uso. Akasema kule wageni wanasubiri na wali umeshaiva, akainama kutafuta fimbo kando ya barabara.

Baba alikwenda akasimama kati yake na nyoka. Nilimwona mgongo ukiwa umelowa jasho, kwa sababu nyoka sasa alikuwa karibu na visigino vyake. Mbele yake walikuwa wakwe wapya, na sisi ndio tunaotoa mtoto. Neno baya moja lingemfuata shangazi mpaka jikoni kwake.

“Mzee wangu,” alisema, na alisema kwa heshima zote, “leo tunawaletea binti yetu. Naomba safari yake isianze kwa kuua kitu ambacho hakijatufanya lolote.”

Mzee alikuwa ameshaipata fimbo, akaishika vizuri zaidi. Hata ngoma ilinyamaza. Kisha mlango wa gari la bi harusi ukafunguka, na shangazi Zuhura akashuka, shela mpaka chini, mikono imejaa hina, ilhali alikuwa ameambiwa asiinue hata macho mpaka afike kwa watu. Akasema naye anataka kumwona. Akina mama wa manjano wakashuka wote wamsitiri, wakawa wanachungulia na kurudi nyuma, wanashikana viuno. Bibi akamwambia yule mzee kwamba yeye mwenyewe aliumwa na nyoka, na tazama, amezaa baada ya hapo na leo anamwoza binti. Mzee akautazama mkono aliouinua bibi, akashusha fimbo, akaiacha ianguke majanini.

Mpiga ngoma, aliyekuwa amesimama juu ya pikapu akiona yote, aliamua kusaidia. Akapiga pigo moja zito. Nyoka aliruka kama aliyeguswa na moto, akafyatuka kijani kijani, akapita mbele ya shela la shangazi na kuzama kwenye nyasi. Akina mama walipiga vigelegele, vile vile vya bi harusi, matarumbeta yakaingia, na yule mzee wa Lugoba akacheka akatikisika mabega.

Walicheza pale pale kwenye lami. Basi lililokuwa likitoka upande wa Msata likasimama, abiria wakadhani harusi ndiyo hapo, baadhi wakashuka wakajiunga. Bibi alicheza ameshika koti la mzee. Na baba, mtu ambaye nyumbani usiku hakuwahi kuvuka ua bila kumulika miguuni asije akakanyaga nyoka, alikuwa katikati yao mikono juu, macho ameyafumba, anakanyaga popote.